Kisanduku Kando ya Kitanda Kimenichongea kwa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaumbuka. Mimi ni seremala, moyo wangu ulichoka kusukuma damu, madaktari wakanipandikizia kifaa kifuani cha kuusaidia, na kando ya kitanda wakaweka kisanduku kinachopeleka hospitali habari zote za moyo, nami nikaapa mbele ya mke wangu na mashemeji kwamba msumeno basi, nikiushika tena karakana iuzwe, kazi nikamwachia mdogo wangu, lakini mshauri, ana miaka hamsini na bado hajui kukata ubao ukanyooka, wateja wananung'unika, ikawa mke wangu akienda kazini nami natoroka kwenda kupasua mbao kwa mkono, hadi nesi akapiga simu, mke wangu akapokea na kuweka spika.

"Baba, jana saa tisa mchana moyo ulienda mbio dakika arobaini. Ulikuwa unafanya nini?"

Mke wangu akauliza, "Ni mwanamke gani huyo?" Nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa, maana mwanamke atanisamehe, lakini karakana ataiuza. Kisanduku nimekichomoa, soketi nachajia simu. Sasa miguu imevimba, nalalia mito mitatu ndipo nipumue, na mke wangu hanisemeshi. Nimwombeje radhi kwa mwanamke ambaye hayupo?

Fundi Rula

Fundi Rula,

Pole kwa moyo. Kwa akili, sikupi pole. Wanaume wanaoficha mchepuko nyuma ya kazi nimewazoea. Wewe ni wa kwanza kuficha kazi nyuma ya mchepuko, tena wa kubuni! Najua inauma kuona kazi yako inaharibiwa, na kwa hilo sikucheki. Lakini kisanduku ndicho pekee kilichosema kweli humo ndani, nawe ukakichomoa. Maji yanakujaa mwilini na hospitali hawana habari. Ukizidi kungoja, jeneza lako atalichonga mdogo wako, na unajua litakavyopinda.

Rudisha waya ukutani leo hii. Mpigie nesi, mweleze miguu na mito bila kupunguza kitu. Kisha mwite mkeo. Mimi umeniandikia karatasi nzima, yeye mwambie tu, "Nilikuwa napasua mbao, na sasa naumwa." Karakana ikiuzwa, iuzwe ukiwa hai. Atafoka, tena sana. Mwache afoke njia nzima hadi hospitali.