Ushuhuda Niliotoa Mapema

Nyumba yetu ile ile, ghorofa ya juu,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa nane.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, dada yangu. Hujambo? Shemeji naye hajambo, na lile goti lake linalomtabiria mvua? Watoto nasikia wote wamekupita kimo. Kilichobaki ni wewe kuwaamkia. Naomba barua hii iwakute wazima, na baridi ya huko isikubane kifua kama mwaka jana.

Sisi huku tunapumua. Wifi amerudi kazini wiki hii, mara ya kwanza tangu tumzike mumewe. Mama mdogo macho bado yanamsumbua, lakini ulimi ni mzima kabisa: jana aliniambia nimekonda mpaka nguo ndizo zinazonivaa mimi. Nilicheka kwa heshima, kisha nikaenda jikoni nikakaa.

Simu zako nimeziona zote. Usidhani ni mtandao, sikupokea kwa makusudi. Kwenye simu ningelia, wewe ungeanza kunibembeleza, na ninalotaka kulisema lingebaki tumboni. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kazi ni ile ile ya kufua nguo za hospitali, kutwa nzima mvuke na kelele za mashine. Niliporudi baada ya kumzika kaka yetu, fungu la nguo za wodi yake lilikuwa bado linanisubiri sakafuni. Nililijua shuka lake kwa kiraka nilichokishona mwenyewe pembeni. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalipanga na mengine. Nilijikaza kisabuni. Sasa hivi kuna mtu mwingine amelilalia, na namtakia nafuu.

Kanisani bado mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Kila Jumatano wanakuja kwangu, tunabanana kwenye makochi mawili na ndoo zilizopinduliwa, na mimi ndiye ninayeanzisha wimbo. Wakifumba macho kuomba, mimi nayaacha wazi, natazama viatu vyao mlangoni. Wakimaliza wananikumbatia na kuniambia, “Mama, usimfungie Bwana moyo wako.” Naitikia amina. Dada, moyo umeshafungwa. Kila mtu ananiambia niufungue, na hakuna anayeniambia nishike wapi.

Sijaacha kuamini. Laiti ningeacha, ningepumzika. Najua yupo, ndiyo maana namkwepa kama jirani niliyekosana naye, nikimwona anakuja nahamia upande wa pili wa barabara. Mwanzoni nilimkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo nisingethubutu kumwambia hata baba. Sasa hata hasira imekwisha, nimebaki mtupu, na huu utupu unanitisha kuliko hasira.

Mchungaji ameniomba nisimame Jumapili ijayo nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyofarijiwa. Sikukataa. Unanijua, mimi na kipaza sauti hatujawahi kukosana. Lakini sina faraja ya kushuhudia. Nina jambo moja tu, na siwezi kulisema mbele ya watu kabla wewe hujalisikia.

Unakumbuka ile Jumapili niliyokutumia ujumbe. Asubuhi ile nilimkuta Kaka ameketi kitandani. Alikuwa amemaliza bakuli zima la supu, akanitania kwamba mashuka yangu yana mikunjo kuliko uso wa mama mdogo. Daktari aliniambia tusubiri majibu ya vipimo. Dada, mimi niliona kusubiri ni kukosa imani. Nilitoka pale mbio mpaka kanisani, nikasimama mbele nikatangaza kwamba Bwana amemponya kaka yangu. Watu walipiga vigelegele. Mzee wa kanisa, yule fundi bomba aliyekuwa akifanya kazi na Kaka, alilia waziwazi. Nikarudi kwenye benchi, na wimbo haujaisha nikakuandikia: “Usije. Amepona. Bwana ametenda.”

Wewe ulikuwa umeshafunga mizigo. Ukaifungua kwa sababu yangu.

Hayo unayajua, na najua umenisamehe, maana uliniambia siku ya msiba kwamba hakuna ajuaye saa. Ambalo hujaambiwa na mtu ni hili. Jumatatu hali ilibadilika. Jumanne alianza kukuulizia. Ningeweza kukupigia simu papo hapo, na Jumatano jioni ungekuwa umefika, nimepiga hesabu ya safari hiyo mara nyingi sana. Sikukupigia. Niliona nikikuita, nitakuwa nimekiri kwamba ushuhuda wangu haukuwa kweli, na watu walishashangilia. Nilijiambia namtunzia Mungu heshima yake. Ilikuwa heshima yangu.

Kaka nilimwambia uko njiani.

Aliniamini. Jumatano aliomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni. Alhamisi asubuhi alimwomba nesi amchane nywele, eti usimkute kama mtoro wa jeshi. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa. Aliingia mfagiaji, akaingia mgawa dawa, akaingia mgeni wa mgonjwa mwingine. Mara ya mwisho hakuinua kichwa, alisogeza macho tu. Kabla ya saa sita alikuwa ameondoka, nywele zake zimechanwa vizuri. Wifi hajui. Yeye alidhani Kaka anaweweseka aliposema unakuja, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Basi kila nikipiga magoti, kabla sijasema “Baba,” nasikia sauti yangu ikisema “yuko njiani.” Nainuka. Nitamfunguliaje Mungu moyo, na kitu cha kwanza atakachokikuta humo ni hicho? Najua anakiona hata mlango ukiwa umefungwa. Kujua hakunisaidii.

Usiniandikie kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mapenzi yake siyajui, lakini ujumbe ule niliuandika kwa kidole changu, na simu ile sikuipiga kwa mkono wangu huu huu. Ukiwa na hasira, niandikie hasira yako yote, usiipunguze ukali. Ukishindwa kuniombea, usinidanganye kwamba unaniombea. Neno hilo mimi mwenyewe nimewaambia wengi nikitazama viatu vyao. Na ukinyamaza, nitaelewa.

Jumapili nitasimama. Nitayasema haya, au nitasimama nishindwe, waone hivyo.

Msalimie Shemeji sana. Wasalimie watoto, hasa kitindamimba wako anayefanana na Kaka mpaka kwenye masikio. Wifi anakusalimu, na mama mdogo anauliza utakuja lini. Nimemwambia sijui. Sitamwambia tena mtu yeyote kwamba uko njiani.

Hapa ndipo nilipozoea kukuandikia baraka. Nimeishika kalamu muda mrefu na haikuja. Nimeacha mstari mmoja mtupu. Ukipata neno la kuandika, liandike wewe, unirudishie karatasi hii.

.................................................................

Wako akupendaye,
Mdogo wako