Njia ya Magamba Inapita Mlangoni Kwako

Temeke, Dar es Salaam
Mwezi wa tano, masika yakielekea kwisha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Najua umeitika marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, kwa hiyo naendelea. Mgongo je? Na lile goti, linakuruhusu kupanda shamba la juu au bado linakugomea asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Hoza na mkewe hawajambo, na mtoto wao ameanza kusimama? Mimi huku mwili mzima, nakula, nalala, kazini naenda. Moyo ndio una habari zake, na ndizo zilizonikalisha kitako leo Jumapili niandike.

Kwanza barua yako. Karani wa masijala aliniletea mezani Jumanne, nikadhani imeandikwa na mtoto wa shule, maana ni penseli tupu na herufi zote kubwa, na umekandamiza mpaka karatasi imetoboka mahali pawili. Nilipofika pale ulipoandika MIMI MAMA YAKO NAANDIKA MWENYEWE, nililia juu ya mashine ya chapa. Zaituni, yule msichana wa Kilwa ninayefanya naye kazi na kupanga naye chumba kimoja hapa Temeke, akaja mbio akidhani nimeletewa habari ya msiba. Nikamwambia hapana, mama yangu amejua kuandika.

"Sasa mwenzangu unalia nini? Si ucheke basi!" akasema.

Nilishindwa kucheka Mama, na sababu yake utaiona humu humu.

Unajua miaka yote hii barua zangu zilisomwa na Mjomba Kaniki, kwenye baraza, majirani wamekaa. Nami nilikuwa nikiandika kwa ajili ya sauti ya Mjomba. Nilichagua maneno yatakayompendeza akiyatamka, niliweka habari za kumfanya mama Shekue atikise kichwa na kusema mtoto huyu anafanya kazi kubwa. Ukiandika barua ya kusomewa baraza zima huwezi kuweka kosa lako ndani. Unaweka makosa ya watu wengine. Sasa umemaliza kisomo cha watu wazima, unasoma mwenyewe na kidole chini ya mstari, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia wewe peke yako. Herufi nimezitenganisha vizuri. Ukichoka iweke chini ya mto, uende ukapalilie, urudi baadaye. Ila nakuomba sana usimpe Mjomba akusomee.

Habari yenyewe inaanza na safari. Hapa ofisini tuna meneja, Ndugu Chilumba, mtu wa Newala, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Yeye ana jambo lake moja lisilomtoka mdomoni: kwamba wafanyakazi wa shirika la umma hawaijui nchi yao, wanajua Kariakoo na Mnazi Mmoja basi, na milima tumewaachia Wazungu waliokuwa wakienda kupumzika huko enzi zao. Mwezi wa tatu akaitisha mkutano, akatangaza kwamba masika yakiisha, mwanzoni mwa mwezi wa sita, atakayependa kutumia siku zake chache za likizo atakwenda naye kupanda milima kwa miguu. Akauliza twende wapi. Mmoja akasema Morogoro, mwingine akasema Kilimanjaro akachekwa na wote. Zaituni akaropoka: "Si twende Lushoto, kwao Mwanaidi! Yeye njia zote za huko anazijua!"

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kupanga safari ya kuja kwetu, Mama.

Tuko kumi na mmoja. Ungewaona ungecheka mpaka ukae chini. Kila Jumapili tunafanya mazoezi: tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tunashika njia ya Kimbiji mpaka jua likiwa kali, halafu tunarudi tukichechemea. Yule mhasibu wetu mnene alikuja na viatu vya kazini, akarudi amevishika mkononi. Mwingine amejishonesha katambuga mpya za tairi na anadai zitampandisha mpaka mbinguni. Zaituni amesikia Lushoto kuna baridi, basi ananunua sweta kila akiona sweta, na maswali hayaishi.

"Eti huko mtu akilala nje anakufa?"

"Hafi."

"Na maji ya kuoga je? Mie maji ya baridi siwezi, nakwambia mapema."

Mimi ndiye niliyepiga chapa ratiba. Siku ya kwanza basi mpaka Mombo, halafu kupanda zile kona mpaka Lushoto mjini. Siku ya pili Irente, watazame tambarare chini wapige kelele kama wapigavyo wote. Siku ya tatu ndiyo matembezi makubwa, kutoka mjini kwenda msitu wa Magamba. Nikachora na ramani kwa penseli, nyuma ya karatasi ya stensili iliyoharibika.

Sasa wewe unajua, na kila mtu wa kwetu anajua, kwamba njia ya kwenda Magamba inapita mlangoni kwako. Inapita hivi, kati ya jiko na ule mgomba wa Bibi. Mimi sikuichora hiyo. Nilichora ile ya wakata mbao, inayozunguka nyuma ya kilima, yenye utelezi, ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Niliwachagulia watu wazima kumi, mmoja wao mzee, njia ya kuvunjika miguu, ili nisipite kwetu. Nilipomaliza niliitazama ramani, nikaona nyumba yetu imebaki mahali peupe pasipo kitu. Niliona haya, lakini niliikunja nikaipeleka hivyo hivyo.

Barua yako ikanikuta katika hali hiyo. Umeandika mistari minne tu Mama, nami nimeihifadhi yote kichwani. Wa mwisho unasema: MWAMBIE MKUBWA WAKO NIMEMSAMEHE KWA YA BIBI. NA YEYE ANA MAMA.

Nakumbuka vizuri nilivyokuandikia mwaka jana, alipofariki Bibi. Niliandika kwamba mkubwa wangu ni mtu mkali, nimemlilia ruhusa ya kuja kwenye msiba akanifukuza ofisini. Mjomba Kaniki lazima aliisoma vizuri sana ile, kwa sauti ya kukasirika. Ilipofika arobaini nikaandika tena kwamba kakataa mara ya pili. Nasikia kina mama mlimwombea dua mbaya.

Mama, Ndugu Chilumba hakunikatalia. Simu ya maandishi ya msiba ilifika Alhamisi asubuhi, akaisoma yeye kwanza, akaja mwenyewe mezani kwangu, akanipa pole, akanipa siku saba. Aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe, hakungoja ipigwe chapa. Mchana ule ule nilikuwa stendi na mkoba wangu. Nikapanda basi, nikakaa dirishani. Kondakta akapita kuuliza kila mtu anashuka wapi. Alipofika kwangu sikuweza kulitaja jina la kwetu. Nilijua Bibi ameshazikwa, kwamba nikifika nitakuta kigoda chake kiko pale jikoni na yeye hayupo, na nikiwa Temeke bado naweza kudhani yupo, anapepeta njegere. Nikamwambia kondakta nimesahau kitu nyumbani. Nikashuka. Basi likaondoka nikiliangalia.

Lakini sitaki unihurumie mapema, kwa sababu si hilo tu. Zile siku saba nilikaa hapa hapa. Mbili za kwanza nililia. Ya tatu Zaituni akanibembeleza tukapunge upepo, tukavuka Kigamboni, tukala samaki wa kukaanga pale kwa mama ntilie, na kuna mtu akasema jambo la kuchekesha na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu Mama, mpaka machozi. Bibi aliyenilea mgongoni mwake, siku ya tatu yake, watu wanaondoa tanga, mimi nacheka Kigamboni na samaki mkononi. Niliporudi chumbani ndipo nikakaa kuandika ile barua ya uongo. Na ukishasema mkubwa wako amekukatalia msiba, huwezi tena kuja arobaini ukasema sasa amekubali, watu watauliza maswali. Nikaulinda uongo kwa kuongeza mwingine. Mwaka huu likizo yangu ilipofika nikaisogeza mbele nikisingizia kazi nyingi. Ndiyo maana mwaka wa tatu huu hujaniona.

Na wewe ukakaa chini na penseli ukamsamehe asiyekukosea.

Nilikaa na huo mstari siku mbili. Nilitaka kunyamaza. Nikawaza, tutapita njia ya wakata mbao, tutarudi, hakuna atakayejua. Ila ule ulikuwa ujumbe wa mtu, umeniambia nimwambie, na ni neno la kwanza ulilolituma kwa mkono wako tangu uzaliwe. Nikashindwa kulimeza. Ijumaa nikabisha mlango wa Ndugu Chilumba. Nikampa barua yako mkononi, nikamwonyesha pa kusoma.

Alisoma polepole, kama wewe. Akavua miwani.

"Mimi sikukukatalia, binti," akasema.

"Ndiyo, Ndugu."

"Nilikupa siku saba."

"Ndiyo, Ndugu."

"Uliziweka wapi?"

Nikamweleza zote, na samaki nao. Hakunikemea, na ningeshukuru kama angenikemea. Aliniuliza kama nina ile ramani. Nikaifungua juu ya meza. Akauliza kwetu ni wapi hapo. Nikaweka kidole penye weupe.

"Na njia hii ya kuzunguka ulituwekea kwa sababu hiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi mama yangu sinaye tena," akasema, "nisingependa anayenisamehe awe hajui anachonisamehe. Halafu kwetu sisi mtu hapiti mlangoni kwa mzazi kama mwizi, lazima abishe hodi. Lakini kubisha hodi huku mwenye nyumba ananidhania mtu mbaya, pia siwezi. Utamwandikia kwanza. Akijibu ndipo tutajua tunapita wapi."

Akanirudishia barua yako, kaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Akasema hataki ule msamaha urudi kwa posta, nije nikuulize mwenyewe kama unaweza kuuhamisha kutoka kwake uje kwangu. Ofisini hajamwambia mtu. Zaituni nimemwambia mimi. Akasema, "Na mie ndo nilokupeleka Kigamboni." Nikamwambia miguu ilikuwa yangu.

Basi Mama, nimekosa. Nimekukosea wewe, nimemkosea Bibi, na nimempaka matope mzee wa watu ambaye hajui hata sura zenu. Naona aibu kiasi kwamba nikikumbuka jinsi ulivyokandamiza ile penseli nasimama, siwezi kukaa. Sitaki kujitetea. Nataka tu ulijue la kweli kutoka kwangu, ulisome kwa macho yako, bila sauti ya mtu katikati.

Sikuombi jibu refu. Chukua penseli yako uandike NJOO au USIJE, umpe Hoza apeleke posta ya mjini. Ukiandika njoo, Ndugu Chilumba amenikubalia nitangulie wenzangu siku nne. Nitakuja peke yangu, nitabisha hodi, nitasimama nje mpaka uitikie hata ikibidi jua linikute hapo hapo. Halafu siku ya matembezi wenzangu watapita kati ya jiko na mgomba, na yule mzee utamtambua kwa uzi wa miwani. Mpe chai, ana haki nayo. Ukiandika usije, nitawafikisha Lushoto, nitawatafutia mtu wa kuwaongoza, mimi nitabaki mjini nikiutazama moshi wa kwetu kwa mbali, nami sitakulaumu hata kidogo. Ramani nimeifuta, nimeichora tena. Kipande cha pale kwetu tu ndicho sijakichora, nakingoja barua yako.

Nisalimie Hoza ndugu yangu, mwambie na yeye nitamtazama usoni siku ikifika. Msalimie mkewe, na mtoto umbusu kwenye visigino. Mama Shekue jirani yetu umwambie nimesikia habari za macho yake, pole sana. Mjomba Kaniki mpe shikamoo yangu, na kama utaona inafaa, mwambie namwomba radhi kwa kumsomesha uongo mbele za watu, yeye aliusoma kwa nia njema. Mwalimu wako wa kisomo umwambie asante, ingawa simjui, amenifanyia jambo gumu.

Ila kaburini kwa Bibi, Mama, usimfikishie salamu yoyote kutoka kwangu. Hiyo niachie, niilete mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi