Uzito Mtupu

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeivuta nyumba ya mwanyumba kwa pikapu yangu, kilima chote, na sikutoa hata jasho.

Haya, uongo. Nimeivuta kutoka getini mpaka chini ya dirisha la jikoni, na klachi ikanuka mpaka mke wangu akauliza nani anachoma kiatu.

Ni nyumba kweli — tela la kulala. Lina vitanda, jiko, sinki, mapazia ya maua. Mwanyumba kalinunua limeshatumika. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, na tangu hapo kila alicho nacho ni kikubwa kuliko changu. Tumbo pia. Ila gari lake ni kale kadogo ka kwendea sokoni, halivuti hata mkokoteni. Kwa hiyo safari ya ziwani Jumamosi, sisi wanne, inategemea pikapu yangu.

Mke wangu kaingia humo ndani mara sijui ngapi, anafungua kabati, anafunga kabati. "Shemeji ana akili ya kupanga mambo," kasema. Kabati nililompigilia mimi hajawahi kulisifia.

Jumatano, 5 Machi

Mwanyumba kaja na maneno. Eti tuhakikishe kwanza kama pikapu inaliweza tela. Ikishindwa, Muuza Simenti kajitolea kulivuta kwa lile gari lake la milango minne, aendeshe yeye mwenyewe.

Kajitolea! Huyo ndiye aliyemposa mke wangu kabla yangu, akakataliwa. Sasa kafiwa na mkewe, na mashati anapiga pasi mpaka kola inakata.

Nikampeleka mwanyumba ubavuni mwa tela, palipoandikwa kwa rangi kama kwenye malori: UZITO MTUPU KILO 1,250. Pikapu inaruhusiwa kuvuta 1,500. Kwisha. Akasema mtupu maana yake halina kitu ndani. Nikamwambia, wewe ulisoma shule gani? Uongo mtupu ni uongo uliojaa. Upuuzi mtupu ni upuuzi uliojaa, kama huu wako. Basi uzito mtupu ni uzito wote, hakuna kingine.

Shule niliacha mapema, kubishana sikuacha.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi springi kaniharibia siku. Nimempelekea hoja yangu ya uongo mtupu, akacheka mpaka akaweka spana chini. "Mzee wangu, mtupu ni mtupu. Kama wewe ukitoka kuoga." Eti nihesabu maji, mtungi wa gesi, vyombo, kila kitu. Tena shingo ya tela inaikandamiza pikapu kwa nyuma, na huo nao ni mzigo, juu ya watu wanne. Kasema nikapime kwenye mzani wa malori ya kokoto, tela likiwa limepakiwa.

Kurudi nyumbani, wanapakia. Shemeji, mke wa mwanyumba, kaleta sufuria za kulishia harusi. Mwanyumba kaleta jenereta, kiti chake cha kuegemea, na mawe ya jiko. Mawe! Tunakwenda ziwani, mtu anabeba mawe. Eti haya yameshazoea moto.

Ya fundi nikayaficha. Ningesema, Muuza Simenti angefika kabla sijafunga mdomo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelipeleka mzanini peke yangu. Kilo 1,720. Karani wa mzani akaitazama pikapu — imekalia matako, taa za mbele zinaangalia mawingu. "Babu, unakwenda kuwinda ndege?"

Nikashusha mawe palepale. Nikashusha jenereta. Kiti cha mwanyumba nilikishusha kwa raha ya pekee. Nikamwaga maji. 1,560. Bado. Nikajiambia, sitini ni nini? Nusu ya mwanyumba.

Halafu ukaja mteremko wa shule. Nikakanyaga breki. Pikapu ikatii, tela likakataa. Likanisukuma mgongoni, usukani ukawa mwepesi kama sahani ya bati, na mkia ukaanza kucheza, kushoto, kulia. Sijui niliomba dua gani. Likatulia kule chini, jirani kabisa na ukuta wa shule.

Nikakaa pale. Siti ya pembeni ilikuwa tupu. Kesho mke wangu angekuwa hapo, mkoba magotini.

Jioni nikawaambia: haiwezi. Mwanyumba hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mke wangu kasema, "Umefanya vizuri kusema," akaenda kupiga pasi gauni la kijani.

La kijani. Akitoka na mimi huvaa la kahawia.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi. Muuza Simenti keshafika. Kalifunga tela, gari lake halijainama hata kidole. Kanyoa ndevu. Kaniamkia "shikamoo" — tumezaliwa mwaka mmoja! Nimemwitikia marahaba, mwanangu.

Mwanyumba na shemeji wamekaa nyuma tayari. Zimebaki nafasi mbili, moja huko nyuma, moja mbele kwa dereva. Muuza Simenti kafungua mlango wa mbele. "Mama, karibu huku, uone njia vizuri." Mke wangu kasimama na mkoba wake, bado hajapanda. Ananitazama mimi, macho yanacheka.

Naandika hapa kizingitini, najifanya natafuta miwani. Nimemwita yule bwana nina neno naye. Anakuja. Nitamwambia hivi: Ndugu yangu, masika yale ulipokwama kwenye matope na shehena yako, nani alisukuma mpaka suruali ikachanika? Ulisema nikuombe chochote. Sijawahi kuomba. Leo naomba, kitu kidogo tu. Mwambie mke wangu siti ya mbele ina grisi. Nguo zangu mimi kuukuu, nitakaa mimi.