Nyuzi Sita za Placide

Kabambare, karibu na parokia,
Jumapili, tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Jean-Paul,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Cécilia, na kutoka kwa wote wanaokukumbuka huku nyumbani. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje, ule uliouumiza kwa kubeba mifuko ya saruji? Na mke wako Falonne, na mtoto wetu Sarah-Grâce, wanakula, wanalala, wanacheka? Mungu awashike mkono. Sisi tunapumua. Goti langu la kushoto limegoma kupanda kilima, lakini mdomo haujambo, kama utakavyoona.

Kiangazi kimeingia. Mpunga tumevuna, ingawa ndege walikula sehemu yao wakati sisi tunatazama kwingine. Karanga ziko juani uani, na mbuzi wa jirani anazijua kuliko mimi. Barua hii anaibeba Mwanvua, yule mfanyabiashara wa mchele, hadi Kalemie, na huko atatafuta mtu wa kuja Lubumbashi. Nimeona niandike kwa mkono, maana simu yetu ni ya kupandia kilimani, na kule juu kila mtu anasikia habari za kila mtu. Mambo haya si ya kupigiwa kelele.

Naanza na lile lililokuudhi. Ulipopiga simu baada ya Noeli ukasema utamnunulia mwanangu Magloire gitaa, nilikujibu "Moja hapana," na laini ikakatika. Nasikia ukamwambia Falonne kwamba dada amekataa zawadi yako, kwamba siku hizi nina kiburi. Jean-Paul, wewe! Lubumbashi imekula akili zako kweli. Wewe ni mjomba wa mapasa, pacha wangu wawili. Tangu walipozaliwa wawili wale, ni lini ulimpa mmoja kitu mwenzake akakosa? Viatu jozi mbili, mifuko ya shule miwili. Hata siku ile walipoiba mapapai ya padri, kila mmoja ulimpa fimbo zake sawa na za mwenzake. Halafu leo unasema gitaa moja.

Najua ulichofikiri. Ulifikiri amebaki mmoja. Hujakosea peke yako, maana hata sokoni wako wanawake walioanza kuniita Mama Magloire. Siwaitikii. Umesahau kwamba kwetu hatusemi pacha amekufa. Tunasema ameenda kukata kuni, na hatumlilii. Ukimlilia, atajua umemhesabu pamoja na wafu, atakasirika, atakuja kumchukua mwenzake.

Ndivyo tulivyofanya tangu shimo la dhahabu kule Salamabila lilipomfunika Placide, mwaka juzi wakati wa mvua. Shemeji Bulaimu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikataza kilio, akakataza na kaburi, kwa sababu hakukuwa na mwili wa kuzika. Mimi nikameza. Nimemeza mpaka leo, mdogo wangu. Naweka sahani mbili. Nikishonesha shati, nashonesha mawili. Na mchana, watu wakiwa mashambani na nyumba imetulia, nilikuwa nasikia uluzi nyuma ya bafu, ule wake wa kupitia pengo la jino. Unaanza, unafika katikati ya wimbo, unakatika.

Sikuuogopa uluzi wenyewe, ni wa mwanangu. Nilichoogopa ni kwamba Magloire naye alikuwa anausikia, na kila ulipokatika, yeye aliumalizia.

Wenzake wa shimoni walituletea tochi yake ya kichwani tu. Siku moja natoka kisimani, jua liko utosini, namkuta Magloire ameketi uani, ameivaa tochi ile, inawaka, anautazama ukuta. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, Placide iko ananiita. Nitaenda Salamabila, nitamutosha mule." Tangu siku hiyo akawa ananunua betri na kunoa sururu ili akamtoe nduguye shimoni. Akakonda, shingo ikabaki kama ya kuku aliyenyeshewa. Wanangu wawili nimewabeba katika tumbo moja, Jean-Paul. Sikutaka shimo moja liwameze wote.

Kwa hiyo usidhani gitaa lilikuwa jambo la starehe. Unakumbuka walivyokuwa wakipiga lile la kwaya kabla halijavunjika, wamebanana kwenye benchi moja, Placide kushoto anabonyeza shingo, Magloire kulia anapiga nyuzi? Magloire aliniahidi kwamba akipata gitaa ataiacha safari yake. Lakini mimi nikaona mtego. Likija moja, Placide atauliza langu liko wapi. Yakija mawili, la pili litakaa ukutani bila mtu wa kuligusa, nalo litakuwa linamwita mwenyewe kila siku. Ndiyo maana nilikujibu vile.

Baada ya Pasaka nilichukua akiba yangu, tukapanda pikipiki mimi na yeye hadi Kasongo kuangalia yaliyoko. Barabara usiiulize. Penye tope tulishuka, tukaisukuma pikipiki kama mgonjwa asiyetaka kwenda hospitali. Kasongo kuna mtu anaitwa Lukumani, anauza redio, spika na magitaa yanayotoka Bukavu. Anaongea utadhani analipwa kwa neno. Kila gitaa nililoligusa aliniapia ndilo wanalopiga wakubwa wa Kinshasa. Nikamwuliza hao wakubwa wana mikono mingapi.

Kule nyuma ya duka yalining'inia mawili yenye kichwa kirefu kuliko mengine. Magloire akayatazama, nami nikasogea. Yana nyuzi kumi na mbili, lakini zimepangwa mbili mbili. Kila uzi umelala karibu na mwenzake, na kidole kimoja kinazibonyeza zote mbili. Kwenye jozi nne, uzi mmoja ni mnene na mwenzake mwembamba. Zinasema neno lile lile, mmoja kwa sauti ya chini, mwingine kwa sauti ya juu. Jozi mbili zilizobaki zinafanana kabisa, hata mama yao asingezitofautisha. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Yale yalikuwa mapasa. Gitaa ni moja, na kila mtoto ana nyuzi zake sita.

Sasa kuchagua. Moja lilikuwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, nami nilikwisha kulipenda. Magloire akaliinua mpaka jichoni, akaitazama shingo yake kwa urefu kama seremala anavyotazama ubao. Imepinda. Nyuzi nyingi hivyo zinavuta kwa nguvu, na mti mbaya unachoka mapema. Nyuzi zilikuwa zimesimama mbali na shingo, kuzibonyeza ni kujikata vidole, na tumbo lake lilianza kuvimba pale nyuma ya kibao kinachozishika. La pili lilikuwa la kahawia, limekwaruzwa, mtu alikwisha kulitumia, na ufunguo wake mmoja wa kukazia uzi umebadilishwa, haufanani na nyingine. Lakini shingo imenyooka na tumbo limelala. Magloire alilikaza uzi kwa uzi, muda mrefu, mpaka Lukumani mwenyewe akachoka kuongea.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kila alipojaribu jozi moja, Magloire aligeuza sikio la kushoto, upande ule wa Placide, akangoja. Alingoja kama mtu aliyeuliza swali. Kisha anatikisa kichwa, anakwenda jozi nyingine. Mwisho akaniambia: "Mama, tumepatana. Ni hii." Lukumani akatuuliza ni nani na nani waliopatana. Nikamwambia alifunge gitaa kwenye gunia.

Alituonya jambo moja la kweli, yule msemaji. Ule uzi mwembamba kuliko yote, wa pale katikati, ndio unaokatika kwanza, na wa akiba hakuwa nao.

Nilirudi Kabambare moyo mweupe. Kumbe nimefunga mlango nikaacha dirisha wazi. Siku ya pili yake Magloire alilegeza uzi mmoja katika kila jozi, ule wa Placide, akazitoa zote sita, akazikunja, akazitia katika mfuko wa shati la nduguye. Gitaa likabaki na zake mwenyewe. Akawa analipiga hivyo, anasimama katikati ya wimbo, anangoja. Nilipomwuliza, akanijibu: "Zile ni za Placide. Atazifunga yeye mwenyewe. Nitamupelekea." Na tochi akaitundika mlangoni. Gitaa tulilolinunua ili abaki ndilo lililompa sababu ya kwenda.

Hapo niliogopa kweli. Nilikwenda kwa shemeji Bulaimu, nikakaa chini, nikamwambia yote hata ya uluzi. Alifikiri sana, akala karanga zangu nyingi, kisha akasema: "Mutoto mwenye hawezi kuvaa, nani iko anamuvalisha? Si mama yake?" Basi. Nikaondoka na jibu langu.

Nilikwenda Salamabila, Jean-Paul. Mimi niliyeapa kwamba mguu wangu hautakanyaga kule. Nilikaa nyuma ya Magloire kwenye pikipiki, gitaa mgongoni mwangu, nimelifunga kwa kitenge kama mtoto. Pitchou, aliyekuwa akichimba pamoja na Placide, alituonyesha mahali. Nilitazamia shimo. Hakuna shimo, kuna bonde dogo la udongo mwekundu, limeota majani, na kando yake watu wanachimba jingine. Majani, mdogo wangu. Nilitamani kuyang'oa yote kwa meno.

Nikaketi kwenye jiwe, nikalilaza gitaa mapajani. Magloire alinielekeza, lakini hakugusa. Nilizifunga nyuzi sita za Placide kwa mkono wangu, mmoja mmoja, ncha zikanichoma vidole mpaka damu, na kila mmoja niliuita Placide. Nilimwambia: hii ni sehemu yako, nimekuletea mimi niliyekuzaa, usidai ya mwenzako. Machozi yalifika kwenye kope. Na kwa kuwa kulia sikuruhusiwa, nikaimba nyimbo za mapasa, zile ambazo mama wa mapasa peke yake anaruhusiwa kuziimba mbele ya watu, na matusi yake yote. Sitayaandika, barua hii itapita mikononi mwa wengi. Nililitukana shimo lile, nikaitukana dhahabu yake na mama yake dhahabu. Wachimbaji wakacheka, halafu wakaacha kucheka, wakazima mashine yao ya maji.

Magloire akakaza nyuzi, akapiga. Placide kwa sauti ya juu, yeye kwa sauti ya chini, kama kwenye benchi la kwaya. Wimbo ule wa uluzi aliupiga kutoka mwanzo mpaka mwisho, na safari hii hakugeuza sikio. Alipomaliza nikamwomba tochi, akanipa. Kando ya bonde lile palikuwa na ufa mwembamba unaoingia chini. Niliidondosha humo ingali inawaka, tukaangalia mwanga unavyoshuka mpaka hatukuuona tena.

Njiani kurudi, tukiwa kwenye pikipiki, nilisikia kitu kimelia mgongoni mwangu, mlio mdogo tu. Nilijua kabla ya kufungua kitenge. Ule uzi mwembamba wa katikati, wa Placide, ulikuwa umekatika. Nikasema amekataa, yamekuwa yale yale. Lakini Magloire alikikunjua kitenge, akatazama, akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu mwaka juzi. "Hapana, Mama. Amekamata yake moja. Umuache nayo."

Sasa habari za leo. Magloire anakula. Sururu ameipeleka shambani, analimia mihogo. Salamabila haitaji tena, na nyuma ya bafu kumenyamaza, kimya ambacho bado sijakizoea, kwa sababu, nikuambie ukweli, uluzi ule naukosa. Mama ni mtu wa ajabu. Anaomba mwanawe atulie, na akitulia anamtafuta.

Gitaa limekaa na nyuzi kumi na moja. Nazifuta kila asubuhi na ninaujua kila mmoja. Leo Magloire amelipiga kwenye misa, nami nilikuwa benchi la pili. Baada ya misa Léontine, yule anayeongoza kwaya, alinishika mkono akanipongeza kwamba tumepata uzi mpya, maana Jumapili iliyopita sauti ya juu kabisa ilikosekana, na leo ameisikia, tena safi. Nilimshukuru. Uzi mpya hatujapata.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, usitume uzi. Najua Lubumbashi zipo, na najua moyo wako ni mwepesi wa kutoa. Usitume. Mahali pale pana mwenyewe. Ukitaka kututumia kitu, tuma mashati, kitambaa kimoja, kipimo kimoja, na uhesabu vizuri kabla hujafunga mzigo.

Nisalimie Falonne, mwambie kiburi sina, nina goti tu. Nisalimie Sarah-Grâce, na siku moja mlete huku awajue ndugu zake. Shemeji Bulaimu anakusalimu na anauliza lini utaleta kahawa. Magloire anasema asante kwa moyo wako, mjomba, na anasema hivyo kwa niaba ya wote wawili. Mungu aliyewaweka watu wawili katika tumbo moja akulinde uingiapo na utokapo, wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye bila kupungua, dada yako,

Cécilia,
Mama Mapasa