Nyanya za Mwezi wa Saba

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwagilia miche kama kila asubuhi. Imefika urefu wa kidole. Ukungu umekaa mpaka saa nne. Maji ya ndoo yanauma vidole, na hii bado ni Mei.

Mume wangu, Baba Upendo, kakata mianzi kule bondeni kwa baba yake mdogo. Mzee kanuna. Mianzi ni ya kugema ulanzi, pombe yetu, anasema, nani amesikia nyanya zinajengewa nyumba. Katupatia ile iliyozeeka tu, isiyotoa kitu. Na bado kanuna.

Niandike wazi nisije nikajidanganya baadaye. Mume wangu alirudi kutoka Makongolosi mwezi wa pili. Kule alikuwa anachimba dhahabu. Shimo lao, wao wanaliita duara, liliporomoka. Yeye walimtoa. Zabroni aliyekuwa nyuma yake hawakumtoa, na yumo humo mpaka leo. Sasa tumekubaliana. Tulime nyanya zitoke mwezi wa saba, wakati huku Mufindi baridi imeshaua za watu wote na soko linalia. Zikikubali, anabaki nyumbani. Zikikataa, anarudi duarani.

Wazo la kitalu nyumba ni langu. Nililiona kwenye simu. Kwa hiyo lawama nazo najua zitakaa wapi.

Jumatano, 7 Mei

Tumejenga. Tumekiegemeza kwenye ukuta wa jiko kwa sababu matofali yanashika joto la moto wa kupikia. Hilo nalo ni langu, na ninajisifu. Mianzi Baba Upendo aliipasua akaikunja, akachomeka chini. Nailoni nzito ya Mafinga imetosha paa na ubavu mmoja na mlango. Ubavu uliobaki nimeshona viroba vya mbolea. Misumari hakuna, inachana nailoni. Tumefunga kila kitu kwa vipande vya tyubu za baiskeli.

Fundi wa mjini angeona angecheka. Lakini ukiingia mchana unatoka jasho. Jasho, huku kwetu!

Alikuwa anaimba besi ya kwaya huku anafunga mafundo. Alikuwa hajaimba tangu arudi.

Jumapili, 11 Mei

Miche imehamia ndani. Baada ya ibada nusu ya usharika imepita uani kwetu kushangaa. Wanaiita nyumba ya nailoni. Wanauliza kama nyanya zitalala na shuka.

Mzee Kihwele, jirani yetu wa nyuma ya uzio, alikaa zaidi ya wote. Seremala yule, hacheki na mtu. Aligonga mianzi kwa kidole, akavuta fundo moja, akasema, "Hili limefungwa na mtu." Baba Upendo alifurahi kama kapewa cheti.

Mzee ndiye aliyetengeneza jeneza la mama mkwe na kusimamia kaburi, mume wangu akiwa Makongolosi. Baba Upendo alituma mchango kwa simu. Misiba yote ya miaka ile alituma kwa simu. Ndiyo maana hapa kijijini wanamwita Bwana Simu. Hawamwiti mbele yake, ila anajua. Wakichimba kaburi wanampa koleo mwishoni kabisa, wakati kazi imekwisha. Mzee Kihwele peke yake hajawahi kumwita hivyo.

Jumanne, 10 Juni

Barafu ya kwanza. Nimefungua mlango, nyasi zote nyeupe. Nimekimbia peku.

Ndani miche mizima. Karibu yote. Ila kila jani lililogusa nailoni limeungua, limelegea kama mchicha uliochemshwa. Paa tumeliweka chini mno. Sisi tulidhani ukimfunika mtu ugusishe blanketi mwilini, basi na mmea vivyo hivyo. Bwana shamba kwa simu amesema hapana, ibaki nafasi ya hewa katikati. Tumeinua paa leo leo. Pia tumepanga madumu ya maji kati ya matuta. Yanaota jua mchana, usiku yanatoa joto.

Sijala mpaka jioni. Sikusikia njaa.

Jumatatu, 23 Juni

Maua. Ya njano, madogo, mengi. Nyuki hawaingii humo, kwa hiyo kila adhuhuri Baba Upendo anapita na kijiti anagonga kamba zilizoshika mashina, taratibu, ili ua lijipe poda lenyewe. Anafanya polepole kama anabembeleza mtoto. Namchungulia kwa dirisha la jiko.

Leo kapigiwa simu kutoka Makongolosi. Wenzake. Alitoka nje kuongea. Nilisikia anacheka. Sikupenda kile kicheko. Hakuniambia walisema nini na mimi sikuuliza. Niliogopa jibu.

Jumapili, 6 Julai

Nyanya. Za kijani, ngumu, nyingi zimefika ukubwa wa yai. Vishada vinavuta kamba chini. Bwana shamba kaja mwenyewe, kasema tukizilinda mpaka mwisho wa mwezi tumemaliza kazi.

Jioni Baba Upendo alikuwa anapima kwa hatua kule nyuma ya banda la kuku. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema nyumba ya pili ingekaa hapa, mwakani.

Mwakani! Nimekwenda chooni nimelia huko.

Baridi imekaza. Kila siku inakaza.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee Kihwele amefariki alfajiri. Kifua. Alikuwa anakohoa tangu Juni. Nimelia kweli, nilimpenda yule mzee. Jamaa zake wanatoka Chimala na Mbeya, mazishi ni Jumamosi.

Turubai la kijiji liko kwenye msiba mwingine, kijiji cha pili. Na wanaume wanalala nje, ndiyo desturi, wanauzunguka moto mpaka siku ya kuzika. Wengi wao ni wazee.

Saa kumi balozi wetu wa nyumba kumi kaja na watoto wawili wa marehemu. Walisimama uani. Macho yao yalikuwa kwenye nailoni, siyo kwetu. Balozi alisema, "Mama Upendo, poleni. Wazee watalala nje na baridi hii." Hakuna aliyeomba kitu. Hapakuwa na haja.

Mimi nikasema, "Si mngesubiri tuvune?"

Niliyasema hayo mbele ya watoto wa marehemu. Aibu ilinipanda hapo hapo. Baba Upendo alikuwa ameshakwenda kuchukua ngazi.

Alifungua mafundo mwenyewe, moja moja, ili isichanike. Walipoondoka nayo nikamuuliza ana akili gani. Akasema, "Msiba wa mama yangu sikuwepo. Huyu mzee alikuwepo. Nimwambie nini, nina nyanya?"

Mdomo wangu unajulikana, ila nikaingia ndani kukusanya mablanketi.

Nimefunika kwa mablanketi yetu yote, mashuka, vitenge, mabua ya mahindi. Yamefika nusu. Nusu nyingine nimeiwekea majani makavu kwa juu. Inabidi niende. Mwanamke asiyelala msibani kwa jirani anajulikana, na sisi tumeshajulikana vya kutosha.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechomoka msibani kuangalia. Usiku ulikuwa wa mawingu. Hakuna barafu. Asante Mungu. Mmoja zaidi tu, Baba. Usiku mmoja tu.

Jumamosi, 12 Julai

Jana jioni anga lilitakata.

Nilikuwa nimekaa nje na wanawake tunamenya viazi vya kesho. Tulikaa chini ya nailoni yangu. Wameifunga vizuri, imekata upepo, moto unawaka, joto tamu. Babu mmoja wa Chimala, hajazoea baridi ya huku, alikuwa amejikunja kwenye jamvi anakoroma. Nikainua kichwa. Nyota zinaonekana kupitia nailoni, zote, hakuna wingu. Nikajua. Nikaendelea kumenya.

Ningefanya nini? Ningesimama nimfunue yule babu?

Asubuhi kila kitu cheupe. Mablanketi yamekakamaa, yanasimama yenyewe. Nilipoyainua majani yalikuwa bado kijani, nikadhani tumepona. Jua lilipoyapiga yakaanza kulegea, mimi nikiwa nayaangalia. Nyanya zenyewe zimekuwa kama zina maji ndani. Nusu ya mablanketi, nusu ya majani makavu, zote sawa. Nimevaa gauni jeusi nimekwenda kuzika.

Leo Baba Upendo amepewa koleo mwanzoni. Amebeba jeneza mbele kulia. Mchungaji alimshukuru kwa jina pale kaburini, ndugu yetu Eliasi, aliyewasitiri wazee wetu. Watu wakaitikia. Eliasi. Nilikuwa sijasikia mtu wa kijiji hiki akilitamka jina hilo.

Alikuwa anajua tayari kuhusu nyanya. Nilimwona uso.

Jumapili, 13 Julai

Yeye amekwenda kanisani. Mimi sikwenda. Nyanya zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, zinanuka.

Jumatano, 16 Julai

Binti za marehemu wamerudisha nailoni. Wameiosha, wameikunja, haina hata tundu. Juu yake wameweka viazi kwenye ungo. Mama yao, mjane, amekuja nyuma anajikongoja kwa miguu ile mibovu ili kunishukuru kwa mdomo wake. Akapiga goti. Mama mzima wa umri ule ananipigia goti mimi! Nikamwinua. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asante, karibuni tena.

Ingekuwa imechanika ningepata wa kumkasirikia. Nimkasirikie nani? Marehemu? Yule babu wa Chimala? Mume wangu alifanya kitu ambacho ningemdharau asingekifanya. Nimefua vitenge vyote kwa nguvu mpaka kimoja kimechanika. Hiyo ndiyo hasira yangu yote, imeishia kwenye kitenge.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia tusie tena. Mbegu zipo. Kasema tukisia leo tutavuna wakati kila mtu ana nyanya, zitatuozea. Kweli. Nikamwambia basi twende mwakani kama ulivyosema, tuvumilie. Kasema mpaka mwakani tutakula nini, ahadi? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anang'oa mashina yaliyokufa, anagonga udongo kwenye mizizi, anayapanga pembeni kwa mstari. Aliyapanga vizuri mno. Nikaondoka.

Ijumaa, 18 Julai

Leo kutwa nzima anarudisha nailoni kwenye mianzi. Kila fundo. Nimemuuliza inamfunika nani. Kasema isikae chini, panya wataitafuna.

Begi lake liko mlangoni.

Jumamosi, 19 Julai

Ameondoka. Nimemsindikiza mpaka lami. Mbeya jioni, analala kwa binamu yake, kesho Chunya, kisha Makongolosi. Amesema safari hii hashuki, atakaa juu anavuta kamba, wamemwahidi. Anaongopa. Akiongopa anapangusa pua. Alipangusa mara nyingi.

Nilitaka kumshika koti. Watu walikuwepo. Hata wasingekuwepo, ningemshika mpaka lini?

Nimempigia Upendo shuleni kwa simu ya matroni. Nimemwambia baba amepata kazi. Kafurahi.

Jumanne, 22 Julai

Kapiga simu, amefika. Sauti ya vumbi. Kesho anaanza. Nikamuuliza juu au chini. Akauliza kuku wanataga?

Alhamisi, 24 Julai

Nimepalilia kabeji. Nimechota maji mara mbili. Nimepeleka uji kwa mjane, amekula kidogo, miguu imevimba.

Balozi kapita saa tisa. Kikao kimekaa jana, kimemweka Baba Upendo kwenye kamati ya misiba. Turubai jipya likipatikana yeye ndiye mtunzaji. Wamepiga kura, hakuna aliyepinga. Balozi alikuwa na furaha, alidhani ananiletea zawadi. Nikamwambia amesafiri. Kauliza anarudi lini. Nikasema sijui. Kasema hamna neno, Mama Upendo, tutamngoja, sasa ni mtu wetu.

Nimempigia nimpe habari. Hapatikani. Wakiwa chini simu haishiki.

Wiki hii hakuna barafu. Asubuhi ya leo nyasi zilikuwa na umande tu, nimepita juu yake na kandambili. Nimejaribu tena kumpigia saa moja usiku, bado. Nitakula kwanza, halafu nitajaribu tena.