Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Bel-Air, Lubumbashi
14 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Ngalula,

Pokea salamu zetu. Mgongo unaendeleaje huko Mbuji-Mayi? Je, dawa zimekusaidia? Sisi tuko wazima, ni joto na vumbi tu.

Yaya, nyumba hii tuliyohamia ilikuwa inaingiliwa. Nikirudi sokoni nilikuta chumba cha nyuma kimepigwa deki, sakafu bado mbichi, na kitanda tulichokikuta humo kimetandikwa. Milango mizima. Hakuna kilichopotea. Mume wangu Ruben alifikiri ni mimi, mimi nilifikiri ni yeye, mpaka tukaogopa kuulizana.

Nilimwendea Osée, mtoto wa dada yetu Christiane, anayesoma sheria chuo kikuu, huko Kasapa.

“Tantine, wizi ni kubeba kitu cha muntu,” akaniambia. “Akivunja mulango, akipanda dirisha ao akitumia ufunguo wa uongo, iko mbaya zaidi: anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Sasa huyu anabeba nini?”



Juzi nilijifanya natoka, nikajificha chumbani kwetu. Mchana kweupe, nikasikia ufunguo kwenye mlango wa nyuma. Mwanamke aliingia peku, na ndoo. Akapiga magoti kando ya kile kitanda kitupu, akakamua kitambaa, akawa anafuta hewa juu ya shuka, polepole, kama anayemwosha mtu.

“Geuka kidogo, mama.”

Yaya, kitanda kililia.

Nilijitokeza. Hakushtuka. “Sema chini,” akasema, “analala.” Nami, nyumbani kwangu mwenyewe, nikamuuliza jina kwa kunong’ona.

Anaitwa Mumba. Mama yake alipanga hapa kabla yetu, akafia katika chumba hicho. Mumba ndiye aliyemuuguza, na ufunguo ukabaki kwake. Ruben alitaka polisi. Osée akasema hata ufunguo wa kweli, ukiutumia bila ruhusa, sheria inaweza kuuhesabu wa uongo, na kuingia kwa watu namna hiyo kunatosha kumpeleka mtu gerezani, hata asipoiba. Nilikataa kumshtaki. Tulimwita kaka yake, Chomba, aje kumchukua. Mumba akanipa ufunguo kwa mkono wake.

“Sasa nani atamuosha?” akaniuliza.

Nilisema mimi. Usinicheke, Yaya. Leo asubuhi nilichemsha maji.

Ukija Noeli, utalala sebuleni.

Nisalimie shemeji Lucien na mwanao Léa. Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Germaine