Profaili Uliyoiita MIMI

Lemayian,

Hali sikuulizi. Naijua. Mimi mwenyewe nilirusha udongo kwenye kaburi lako kule Kajiado, na upepo ukanirudishia nusu yake machoni. Watu wakadhani nalia. Nikawaacha wadhani.

Ujue mapema kwamba nakuandikia kwa hasira. Haya ulipaswa kuambiwa ukiwa hai, lakini ukiwa hai ulikuwa huambiliki.

Studio yetu ya picha bado iko palepale Kitengela, nyuma ya agroveti, lile duka la dawa za mifugo. Funguo niko nazo mimi sasa. Kile kiti chako cha kuzunguka nimekitoa nje, paka wa agroveti anakilalia, na ana adabu nacho kukushinda. Halafu nimenunua ule ubao wa rangi. Ndiyo, ule wa viboksi, ambao unaupiga picha chini ya taa ndipo kompyuta ijue nyekundu ni ipi na kahawia ni ipi, ikutengenezee profaili ya kusahihisha rangi, ngozi ya mtu itoke vile ilivyo. Nilikuomba tuununue mpaka nikachoka, ukanijibu: "Wewe Mwende, kadibodi ndiyo itanifundisha rangi ya mtu? Mimi ndio kipimo."

Na ukajifanya kipimo kweli. Ukaketi chini ya balbu zetu za njano, zilezile watu wananunua hapo mbele kupashia vifaranga joto, ukaniambia nikupige picha. Kisha ukahamia kwenye kompyuta, ukavuta rangi huku na huku mpaka uso wako ukakupendeza. Profaili ukaihifadhi, ukaiita MIMI. Kuanzia hapo kila uso wa Kitengela ulipitia wako. Wewe ulitoka kama waziri. Maharusi walitoka kama karoti. Yule mchungaji naye alitoka wa kijivu, mkewe akaitazama picha akauliza, "Sasa huyu amefufuka ama ndio anaenda?" Na wewe, bila haya: "Mama, kamera haidanganyi. Ni ngozi yake."

Karoti nilizisamehe. Kuna siku moja ambayo sijaisamehe.

Ile siku mama yako alikuja, Yeiyo kwa lugha yenu. Alitoka Kajiado na shanga zake za sherehe, zote, na kibuyu cha maziwa. Alitaka picha moja tu, yeye na wewe. Ukamwonyesha benchi. "Ngoja kidogo, Yeiyo, niko na wateja." Wateja wakaisha, ukaanza simu. Simu zikaisha, ukaanza kupanga waya. Gari lake la mwisho lilipokaribia kuondoka akainuka mwenyewe, ukamwambia arudi siku nyingine, avae vizuri zaidi. Avae vizuri zaidi! Mtu alikuwa amevaa harusi nzima shingoni. Maziwa lakini ulikunywa.

Basi hiyo siku nyingine imefika. Alikuja wiki jana, na zilezile shanga. Akaketi kwenye lilelile benchi bila kuonyeshwa. "Mwende, niweke na yeye. Si hizi mashine zenu zinaweza?" Anataka picha ya kutundika pale anapolala. Picha yenu nyingine haipo, Lemayian. Tangu uwe mtu mzima, hata moja. Hii ikikataa, ndiyo basi.

Yako iliyobaki nzuri ni ile ya kipimo, ungetegemea nini. Unaangalia kando kama umeitwa na mtu mkubwa. Faili yake ya asili uliifuta, ukabakisha ile uliyojipamba, kwa hivyo rangi yako haibadiliki tena. Ubishi mpaka kaburini.

Nikamkalisha Yeiyo chini ya balbu. Akazitazama, akatazama sakafu, akaniuliza, "Na vifaranga wako wapi?" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe, na hukuchangia chochote.

Nikampiga kwa profaili yangu mpya. Sahihi, hata wewe ungekosa la kusema. Nikawaweka pamoja kwenye skrini. Akainama, akatazama sana, akasema polepole, "Huyu ni mimi. Lakini huyu kijana ni wa nani?"

Mlikaa pale kama watu waliokutana kwenye foleni.

Ile MIMI yako nilikuwa nimeapa kuifuta. Nikaifungua, nikikutukana kimoyomoyo, nikampitisha mama yako humo, nikingoja karoti.

Karoti haikuja. Alitoka yeye. Ile kahawia yenye wekundu chini yake, mwanga umekaa mashavuni vile unavyokaa kwako, paji lilelile. Kumbe miaka hiyo yote ulikuwa unawapaka watu wa Kitengela uso wa mama yako. Mtu mmoja tu ndiye kamera yako ilimjua vizuri, na ndiye ulimwacha kwenye benchi. Mjinga wewe. Mjinga kabisa.

Yeiyo aligusa skrini, akaita jina lako, hakuwa ananiita mimi. Nikajifanya natafuta waya. Halafu akauliza, "Mbona anaangalia kando?"

"Si ndivyo alivyokuwa, Yeiyo."

"Najua."

Nilikuwa nimemweka upande wa mgongo wako. Nikamtoa hapo, nikamhamishia kule unakoangalia. Sasa unamtazama yeye, Lemayian, upende usipende, na huwezi kugeuka. Picha ameibeba hadi Kajiado mapajani, hakutaka hata kuifunga kwa gazeti.

Profaili sikuifuta. Nimeibadilisha jina, inaitwa YEIYO, na naahidi hakuna mwingine atapitishwa humo. Siku yoyote akitoka Kajiado nitawasha balbu kabla hajavuka mlango, hata kama bibi harusi amejaa hapa na jamaa zake wote. Benchi nimewapa watu wa agroveti.

Lala, basi. Hasira bado niko nayo, na siku nitakayokuja huko tutaongea vizuri. Kwa sasa ngoja kidogo, niko na wateja.

Mwende